Aliyekanyaga Udongo wa Mchungwa

Mwembe niliukataa mimi mwenyewe, na hilo silijutii hata leo. Bwana shamba aliuleta mche wake ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzie, akasema kila kaya ya kijiji kipya ipande matunda, na kwa udongo wa pale hakuna mti mvumilivu kama mwembe. Nikamwambia asante mwanangu, lakini mwembe ni mti wa watu wenye nafasi. Sisi tulipangwa mstari mmoja kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mwembe ungekimaliza kiwanja chetu, ukaingia cha jirani, halafu mizizi ingeanza kuinua ukuta wa udongo tuliouhangaikia.

"Basi unataka nini, mama?"

"Nataka mti mfupi, wa matunda, usiopukutisha majani."

Akacheka. "Unataka mti au unataka pazia?"

Alisema kwa mzaha tu, lakini alikuwa amenigusa penyewe.

Naandika haya nikiwa si mwandishi. Nilisoma mpaka darasa la nne kwetu kisiwani Ukerewe, kidogo kingine nikajazia kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo nitakapokosea msomaji anisamehe. Nitajitahidi kutomwonea mtu. Wengi wa watu hawa hawapo tena kujitetea.

Kabla ya kijiji, nyumba ya mume wangu ilikuwa mlimani kwenye majabali, upande wa Buswelu, imezungushiwa uzio wa minyaa mnene ambao hata kuku alitafuta mlango. Ndani ya minyaa, pale karibu na nyumba, palikuwa pangu: jiko, mawe ya kusagia, mboga zangu. Nje ya minyaa palikuwa pa ukoo, ng'ombe na mihogo na pamba. Hakuna aliyeniandikia hivyo. Ilijulikana tu. Kisha ikaja Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, tukateremshwa tambarare. Sikuona nyumba iliyochomwa moto. Wako wanaosema waliona kwao, nami siwabishii, ila naandika yangu. Sisi tulipewa siku za kujiandaa na lori la kubebea vyombo, na kule chini tulipata bomba la maji na zahanati, vitu ambavyo mlimani tusingevipata mpaka naingia kaburini. Hayo ni ya kweli na lazima niyaseme.

Lakini kule chini hakukuwa na minyaa. Palikuwa peupe. Jirani alikuwa anaona ninachopika kabla sijakionja chumvi. Na nilipotazama kiwanja kile kitupu sikujua tena mwisho wangu uko wapi na wa ukoo unaanzia wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa linaninyima raha. Mimi sikujaliwa mtoto. Mume wangu alifanya kazi mjini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akirudi mwisho wa juma, baadaye mwisho wa mwezi, baadaye akikumbuka. Alikuwa na mwanamke Mkuyuni, huko huko mjini. Sikuambiwa, ila mashati yake yalianza kurudi yamepigwa pasi kwa mikunjo isiyokuwa yangu. Hakunipiga hata siku moja, na sukari ilipoadimika hakuacha kunitumia, kwa hiyo sina haki ya kumwita mtu mbaya. Mama yake, tuliyekuwa tunaishi naye kiwanja kimoja, alikuwa na jina lake la kuniita mbele za watu.

"Mgeni wetu yuko wapi? Mgeni wetu, leo hatunywi uji?"

Alisema huku anacheka, na watu wakicheka naye, na mimi nikicheka pia, kwa sababu ungefanya nini. Miaka kumi na zaidi ya ndoa, na bado mgeni.

Kwenye mkutano mmoja wa kijiji mwenyekiti alisema jambo ambalo nadhani wengine walilisahau kabla hawajafika majumbani. Watu walikuwa wanalalamikia viwanja. Akasimama akasema: "Ardhi ni ya kijiji. Lakini mti wa kudumu ni wa aliyeupanda, na mwenye mti haondolewi kwenye kiwanja chenye mti wake. Tusisumbuane." Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, nachambua mchicha. Mkono ukasimama. Nikajisemea moyoni, basi kumbe inawezekana.

Tangu siku hiyo nilichagua miti kama mtu anayechagua mashahidi.

Mpapai nilikuwa nao nyuma ya jiko, lakini mpapai hauhesabiwi. Unaota leo, upepo unaulaza kesho, na hakuna baraza litakaloukubali kuwa mti wa kudumu. Mpera bwana shamba aliusifia sana, na alikuwa na haki, haubagui udongo na majani yake hayaishi mwaka mzima. Ila mpera unaota hata kwenye kinyesi cha ndege. Nani angekubali kwamba niliupanda mimi na si kunguru? Mkomamanga unabaki mtupu wakati wa kiangazi, na mimi nilitaka majani hasa wakati wa kiangazi. Mzambarau ni mwembe uliobadilisha jina. Mwisho nikabaki na miti mitatu: mchungwa, mndimu na mstafeli. Yote mifupi, yote ya kijani mwaka mzima, na hakuna hata mmoja ambao mtu anaweza kusema ulijiotea. Mchungwa wa kwetu mtu akiuona anajua umetoka kisiwani. Mndimu ni kwa ajili ya samaki, maana sato bila ndimu nilikuwa siwezi. Mstafeli niliuchagua kwa sababu unapenda maji ya vyombo yanayomwagwa nyuma ya nyumba, na majani yake ni mapana, yanafunika.

Nikapanda meli kwenda kwetu. Kaka yangu alikuwa fundi wa kubebesha machungwa juu ya mashina ya milimau. Aliponisikia alishika kiuno.

"Unawapelekea machungwa watu wa ng'ombe? Watakwambia uyakamue maziwa."

"Kaka, nipe miche. Maneno nitayabeba safari ijayo."

"Na ukifukuzwa utarudi nayo?"

Alikuwa ananitania. Nikainama kuitazama miche, akaacha. Alinichagulia mche wa mchungwa bora kuliko yote, akaongeza wa mndimu na wa mstafeli, akaniwekea udongo wa kwetu kwenye kopo, akanifundisha mambo mawili: pale palipobebeshwa pasizikwe, pabaki juu ya ardhi, na udongo ushindiliwe kwa kisigino mpaka uwe imara, kwa sababu mzizi ukiachiwa nafasi ya hewa unakauka. "Usiubembeleze," alisema. "Ukanyage."

Nilirudi nikachimba mashimo mwenyewe. Bwana shamba alikuwa ameniambia niyachimbe mbali na ukuta, kiasi mtu aweze kupita katikati na gunia la pamba kichwani bila kugusa jani. Sikumsikiliza. Niliyachimba karibu, karibu mno, chini ya mwisho wa paa, ili asije mtu siku moja akasema mti huu uko uwanjani, uko kwa ukoo. Nilitaka mti ambao ukiutaja lazima uitaje na nyumba. Sijui kama ilikuwa akili au woga. Mpaka leo sijajua tofauti yake.

Nimeshauweka mchungwa shimoni, nimeshaumwagia udongo, nimenyanyua mguu, mama mkwe akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Wewe! Shusha mguu wako! Unataka kuniulia mwanangu?"

Nikashusha. Akaja akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Akanieleza, na sauti yake haikuwa ya kebehi, ilikuwa ya hofu ya kweli, hilo nalikumbuka. Katika ukoo wao mke hakanyagi udongo wa mti wa kudumu uwanjani kwa mumewe. Akikanyaga, amekanyaga kaburi la mumewe kabla halijachimbwa. Kuchimba achimbe, kumwagilia amwagilie, ila kisigino kiwe cha mwanamume wa ukoo.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuwa nachimba, mama?"

"Nilidhani unachimba shimo la takataka. Nani anapanda mti ukutani?"

Sasa hapa ndipo nimefikiri maisha yangu yote. Mume wangu alikuwa hajaja majuma mengi. Mvua ilikuwa imeanza, miche ilikuwa imetoka safari, mizizi inanyauka ndani ya gunia lenye maji. Kwetu hakuna mwiko huo. Ningeweza kungoja mama mkwe aingie ndani nikakanyaga. Lakini nilimpenda mume wangu, pamoja na mashati yake, na niliogopa. Mtu anayesema angekanyaga, hajawahi kuambiwa kwamba mguu wake unaua.

Nikamwita shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa anajenga kiwanja cha pili. Akaja na jembe begani, anacheka.

"Shemeji, kisigino chako kimeenda likizo?"

"Kimekatazwa kazi. Njoo unisaidie."

"Nitalipwa nini?"

"Togwa ipo."

"Basi leta mtungi wote. Mti wa ukutani unataka mguu ulioshiba."

Akakanyaga mchungwa, akazunguka, akakanyaga mndimu, akakanyaga mstafeli. Alikanyaga vizuri, sawasawa na kaka alivyosema, bila kuzika pale palipobebeshwa, maana nilisimama kando yake nikimwelekeza. Akanywa togwa, akafuta mdomo, akaniambia, "Ikizaa usinisahau, shemeji." Tukacheka wote, na mama mkwe akacheka. Ilikuwa siku nzuri. Inaniuma kuiandika hivyo, lakini ilikuwa nzuri.

Miti ikashika. Niliimwagilia maji ya kuoshea vyombo, ya kufulia, ya kunawia. Kiangazi kijiji kizima kiligeuka rangi ya vumbi, nyumbani kwangu pakabaki kijani ukutani. Mstafeli ukawa pazia langu, jirani akaacha kuhesabu mboga zangu. Baadaye mchungwa ukazaa, kidogo mwaka wa kwanza, kisha mwingi. Miaka ya foleni, sabuni ilipokuwa haionekani dukani, watu walikuja na kipande cha sabuni wakaondoka na machungwa. Mwenyekiti mwenyewe alipita akachuma ndimu, akasema, "Mama, umetuonyesha mfano." Bwana shamba alikuja, akatazama umbali kutoka ukutani, akatikisa kichwa, kisha akala machungwa mawili. Mama mkwe naye alikuwa anakula. Siku za machungwa aliniita mwanangu. Yakiisha, nikarudi kuwa mgeni.

Mume wangu alikuja akayasifia. Nakumbuka alikaa kizingitini, anamenya kwa kisu chake kile kidogo, maganda yanadondoka miguuni. "Umefanya nyumba iwe nyumba," alisema. Halafu asubuhi akaenda zake Mkuyuni.

Alifia mjini, kifua. Ilikuwa haraka. Tulimleta tukamzika mlimani karibu na nyumba ya zamani. Nilikuwa nimemlinda dhidi ya kisigino changu miaka yote ile, akafa vilevile. Siku ya mazishi wazo hilo lilinijia nikalifukuza. Likarudi. Halijaondoka.

Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa, na mwenyekiti wa kijiji akaalikwa kwa sababu ya kiwanja. Tulikaa nje, pale pale ukutani, mchungwa ukiwa umejaa. Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kugombewa. Udongo na nyasi, ukiiacha misimu miwili inarudi ardhini. Kilichokuwa na thamani ni kiwanja kando ya barabara, na miti.

Wazee wakasema shemeji ana watoto wengi na kiwanja chake kimebana. Wakasema mimi nina kwetu. Walisema kwa upole, sidanganyi. Hakuna aliyenitukana.

Mwenyekiti akakohoa. Naamini kabisa alikuja kunisaidia. Alisema, "Kijiji kina utaratibu wake. Mti wa kudumu ni wa aliyeupanda, na mwenye mti haondolewi. Na miti hii kila mtu hapa anajua ni ya huyu mama. Aliitoa kwao kwa meli. Sasa tunabishana nini?"

Nilisikia damu inarudi mwilini. Nilishaanza kusema asante.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba. Hakuinua sauti. "Mwenyekiti," alisema, "kuleta mche si kupanda. Hata lori linaleta miche. Kwetu aliyepanda ni aliyekanyaga. Muulizeni mgeni wetu nani alikanyaga."

Shemeji alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Wewe ndiye?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi ndiye," alisema. Hakuniangalia. "Ila aliniita yeye."

Hiyo sentensi ya pili aliisema, na sitaki mtu afikiri hakuisema. Ila aliisema chini chini, na wazee wawili walikuwa wameshaanza kuitikia.

Mwenyekiti akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba. Waliokuwapo siku ile ni mama mkwe, mwanamke mzee mwenye uchungu wa mtoto, na shemeji aliyekiri huku anatazama chini. Neno langu lingeweza kulishinda lao, maana mwenyekiti alishaonyesha anakoelekea. "Mama," alisema polepole, "ni kweli alikanyaga yeye? Miti yote? Fikiri vizuri."

Alinipa nafasi. Nilitazama mchungwa, na nikauona mguu wa shemeji kama vile umetoka pale sasa hivi, udongo mwekundu kwenye vidole.

"Ni kweli," nikasema. "Alikanyaga yote. Lakini..."

Ile "lakini" yangu haikusikika. Watu walishaanza kusimama.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliusema ukweli kwa sababu ni ukweli, au kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusema uongo mbele ya watu waliovaa nguo za msiba. Wanaonifahamu wananiita mtu wa haki. Mimi sina hakika. Pengine mtu wa haki na mtu mwoga wakikaa kwenye mkeka mmoja huwezi kuwatofautisha.

Jioni ile shemeji alinifuata jikoni. Alisema naweza kubaki, kama nitakubali anirithi, iwe kama desturi. Alisema kwa aibu na nadhani alikuwa na nia njema, maana alikuwa anaona nilivyokuwa nafungasha sufuria zangu. Nikamwuliza, "Nibaki kama nani, shemeji?" Akasema, "Kama mke." Nikamwambia nimeshakuwa mke kwenye nyumba hii, na leo nimeambiwa kwamba hakukuwa na kitu. Akaondoka. Mama mkwe asubuhi alinipa chakula cha njiani, mihogo ya kuchemsha, ameifunga kwa jani la mstafeli. Sijui alimaanisha nini. Huenda lilikuwa tu jani lililokuwa karibu.

"Shikamoo mama," nikamwambia, maana asubuhi ile tulikuwa hatujaamkiana.

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Mwanangu! Nilitembea mpaka barabarani na neno hilo kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwa kaka sikurudi. Aliwahi kuniuliza kama nitarudi na miche, nami sikuwa na uso wa kumwambia kwamba miche ilibaki. Nilipata chumba Kiseke, kwa familia moja ya Wahaya, watu wa kanisa, wema na wenye masharti. Sharti la kwanza, baba mwenye nyumba alilisema hata kabla ya kunionyesha choo: mpangaji apande mchicha, apande nyanya, apande anachotaka kinachoisha, ila mti wa kudumu hapana. "Si kwa ubaya, mama. Mti unaleta maneno." Nikamwambia namwelewa. Na nilimwelewa kuliko alivyojua.

Miaka michache baadaye nilikutana na mke wa shemeji sokoni Mkuyuni, ana tenga la machungwa. Akanikumbatia, akaniwekea machungwa kwenye kapu bila kuniuliza. "Chukua dada, haya si ndiyo yako." Akanipa habari: mama mkwe amelala kitandani siku hizi, mndimu unaendelea, mstafeli wameukata kwa sababu ulikuwa unasukuma ukuta na kuleta nyoka darini. Kumbe bwana shamba alikuwa amesema kweli, ulikuwa karibu mno. Nikala chungwa moja njiani nikirudi. Lilikuwa tamu. Walikuwa wameutunza, na ningependa kusema lilikuwa chachu, lakini lilikuwa tamu.

Mbegu zake nilizitema mkononi. Nikaziotesha kwenye debe la mafuta ya kula nililolitoboa chini, nikaliweka karibu na mlango wa chumba changu. Debe linabebeka, nikajisemea, haliwezi kuitwa la kudumu. Ukaota mche mmoja wa maana. Ulipofika kimo cha mkono niliutoa nikaurudisha humo na udongo mpya, mzuri, wenye samadi. Kisha nikavua ndala, nikashika ukuta, nikaingiza mguu ndani ya debe.

Mama mwenye nyumba alitoka na beseni la nguo, akanikuta nimesimama hivyo, mguu mmoja chini, mmoja ndani ya debe.

"Mama! Umefanyaje? Umenasa?"

"Hapana," nikamwambia. "Napanda."

Akacheka mpaka akaweka beseni chini. Mimi sikucheka. Niliendelea, nikazungusha kisigino pande zote, nikashindilia, nikashindilia tena, mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu na hakuna mtu duniani angeweza kuuliza nani aliyekanyaga.

Mche ule haukushika. Majani yalikunjamana, yakawa ya njano, yakaanguka moja moja mlangoni. Nadhani niliukanyaga mno.